Bundi wa Matar

Tangu Matar apate kiharusi, ulimi wake umelala, na fleti yao ya Michenzani nayo imesinzia. Bi Zuleikha, mkewe, humlisha uji kwa kijiko, humzungumzia, kisha hujijibu mwenyewe. Jirani yao Khairat husema hata redio ina adabu kuliko Zuleikha, maana redio hunyamaza umeme ukikatika.

Magharibi moja, mbingu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, bundi akatua kwenye tangi la maji, karibu na dirisha lao. Huu! Huu!

Khairat akaingia mbio, chetezo cha makaa mkononi.

"Bi Zule, leta chumvi tumfukuze! Huyu kaja kumchukua mumeo."

"Atambeba vipi, shoga, na kitambi kile?"

"Unacheka? Mie nnatetemeka!"

Zuleikha naye alikuwa anatetemeka, ila hakutaka kumpa Khairat faida hiyo. Akachota chumvi kiganjani. Lakini mlio ule ukamvuta polepole, ukamtoa fletini, ukampeleka Mtoni, nyumbani kwa baba yake, jirani na magofu ya kasri.

Enzi hizo bundi akilia, madirisha yalifungwa, mama alitupa chumvi motoni, na baba, mkali kama pilipili mbuzi, alijifunika shuka gubigubi. Hakuna aliyethubutu kutia mguu nje. Basi hapo ndipo Zuleikha alipotoka. Bundi mwenyewe alikuwa Matar, kajibanza nyuma ya gofu, viganja mdomoni.

"Nshatoka," alimnong'oneza.

Wakakaa ukutani, mwezi ukiwapaka maziwa, na ndani chumvi ikipasukapasuka jikoni. Baba alimlaani bundi yule mpaka siku ya harusi, na siku ya harusi akamkumbatia, akamwita mwanangu.

"Tia basi!" Khairat alimhimiza. "Unaota?"

Hapo kitandani pakatoka sauti. Nyembamba, ya upande mmoja wa mdomo, kama upepo unaopita kwenye chupa.

"Huu… huu."

Khairat alitoka na chetezo chake, kandambili moja akaiacha mlangoni. Tangini, bundi akajibu.

Zuleikha akalifungua dirisha lote. Chumvi akaitia kwenye uji, maana ulikuwa umepooza kweli. Kisha akakaa kitandani, akamsogezea mumewe mdomo sikioni.

"Nshatoka," akasema.

Upande mmoja wa uso wa Matar ukacheka.