Mkeka Katikati ya Njia ya Viti

Toka nilipokatwa mguu wa kulia chini ya goti, kwa ajili ya sukari, neno ninalolisikia zaidi nyumbani kwetu Nizwa, Omani, ni "tulia". Mama tulia, bibi tulia. Mimi kutulia sikuzaliwa nako. Pemba nilikuwa nikipanda mikarafuu na kanga nimeifunga kiunoni. Leo nikinyoosha mkono kuchukua glasi ya maji, wanaruka watu watatu.

Mwaka huu mwanangu mkubwa akaja na habari kuwa atanitafutia mtumishi wa kunisukuma kiti, awe nami tangu asubuhi mpaka nilale. Nikamwambia, "Mikono yangu haikukatwa." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaahidiana. Kuna njia mpya juu mlimani, imepita katikati ya msitu wa miti ya alaalani, ile mireteni ya huku, imetandikwa mbao kwa ajili ya watu wa viti. Nikifika mwisho wake bila ya mtu kukigusa kiti changu, mtumishi haji. Akikigusa mtu hata kwa kidole, mtumishi anakuja.

Shahidi alikuwa mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu. Huyu ni mhandisi wa barabara, wa kwanza kwetu, na namtaja kila mahali, hata kwa daktari wa meno. Lakini ana ubaya mmoja: hajui kusema uongo.

Jumamosi asubuhi tukapanda. Ile miti inanukia kama kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi. Mimi skuli sikukaa sana, lakini harufu hiyo naijua. Miti yenyewe imepindapinda, nusu imekufa, nusu ya kijani, imeng'ang'ania jabali. Sikuitazama sana. Nilikuwa nasikiliza magurudumu kwenye maungio ya mbao, tak, tak, tak, na mjukuu yuko nyuma ananipiga picha kwa simu.

"Bibi, pumzika."

"Pumzika wewe."

Njia ilipokata kona, nikafunga breki. Watu wametandika mkeka wa plastiki upande hadi upande. Mume, mke, wana wanne wenye ndevu, sufuria ya wali, matikiti, dele la kahawa. Sikustaajabu. Sisi Waomani tukiona pahala pa sawasawa tunatandika, na mlima mzima ule pa sawasawa palikuwa hapo tu. Kushoto mawe, kulia bonde.

"Karibu, yumma, karibu mama!" Mwenye mkeka akainuka na wanawe, wameshapandisha mikono ya kanzu. "Tutakubeba, tukuweke upande wa pili kama yai."

"Msiniguse!"

Wakacheka. Walidhani naona haya. Mmoja alikwisha inama, mkono wake uko shibiri moja na gurudumu langu, na mjukuu anapiga picha tu. Moyo ulinipiga mpaka kwenye kile kisigino kisichokuwapo.

"Kahawa kwanza," nikasema kwa Kiarabu.

Hapo wakakaa wote. Nani atambeba mgeni kabla ya kahawa? Wakanimiminia. Nikaipokea finjani, nikaiweka juu ya paja, sikuitia mdomoni. Mke ndiye aliyeona mwanzo, akamgusa mumewe kwa kiwiko. Mgeni akiiweka finjani bila ya kunywa, ana haja, na mwenye kahawa ni aibu kwake asiikubali.

"Kunywa, yumma. Haja yako nimeikubali."

"Hujaisikia."

"Nimeikubali!"

"Kunjeni mkeka. Nipite mwenyewe, na asinisaidie mtu."

Akautazama wali. Akayatazama matikiti. Mkewe akasema, "Umekwisha kubali. Inuka!" Wakainua kila kitu. Mwana mmoja kasimama na nusu ya tikiti kifuani kama kabeba mtoto mchanga. Nikanywa, nikaitikisa finjani kuwa basi, nikapita katikati yao.

"Mkeka mzima kwa kiti kimoja!" yule mke akanicheka.

"Mwanangu, ungejua namkimbia mtumishi gani, ungekunja na mlima."

Mbele yake njia ikapanda. Viganja vikachubuka, mabega yakatetemeka, na mara mbili kiti kikarudi nyuma kabla sijawahi breki. Mjukuu kaifunga mikono mgongoni, machozi yanamtoka, hakugusa. Nimelea mtu. Nikasukuma, nikatukana kidogo, Mungu anisamehe, nikasukuma tena, mpaka magurudumu yakagonga ukingo wa mwisho.

Akampigia baba yake, nikamsikia mwanangu akiuliza: "Hajaguswa?"

"Hajaguswa, baba. Hata kidole."

Mwanangu akasema, "Haya, mtumishi haji. Sasa msukume umrudishe, inatosha."

Mimi nilikwisha geuza kiti.

"Mwambie kuteremka ndiyo raha ya mlima," nikasema, nikaachia breki.