Taulo Lililokunjwa Mara Nne

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, maji ya bwawa yametulia tuli na viti thelathini na sita vya kulalia vimepangwa mstari mmoja. Mwanamke mfupi, mwenye sare ya buluu na raba nyeupe zilizosuguliwa kwa dawa ya meno, anapita akiweka taulo kwenye kila kiti. Analiweka, analinyoosha kwa kiganja, anasogea. Ukimsemesha kabla hajafika mwisho wa mstari anakuonyesha mkono, ngoja kwanza.

Hapa hotelini wanamwita Bibi Taulo. Jina hilo alipewa na wapishi kwa utani, likamganda, na sasa hata mhasibu akimtafuta kwenye simu anauliza Bibi Taulo yuko wapi. Ana miaka hamsini na tisa. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia pembeni mwa bwawa hili.

Leo hana raha. Saa nne meneja atamwita ofisini kumpa jibu la barua yake, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama atastaafu kwa heshima baada ya miezi minane, na kiinua mgongo chake mkononi, au ataondoka mwezi huu mikono mitupu.

Kisa chenyewe ni taulo moja. Lakini ili ukielewe, inabidi kwanza uielewe kazi yake.

Kwenye mkataba imeandikwa kwamba atagawa mataulo, atapanga viti na kuhakikisha watoto hawakimbii kwenye vigae. Mambo yangekuwa hayo tu angekuwa amenenepa zaidi, anasema mwenyewe. Kazi kubwa ni kumjua aliyelala hotelini na asiyelala. Maana wasiolala ni wengi, na wana mbinu zao. Yuko anayekuja kukaa sebuleni kwa ajili ya ubaridi wa kiyoyozi. Yuko wa intaneti ya bure, wa choo kisafi, wa gazeti la asubuhi. Wako maharusi wanaopiga picha kwenye ngazi na kutoweka kabla hujawapa hongera.

Na wako wa bwawa. Hao ndio wake.

"Mimi sifukuzi mtu," anasema. "Mtu akija kwa adabu, hoteli haipungui kitu. Anisalimie, aniambie yeye si mgeni wa chumba, aulize utaratibu. Ada ya siku ipo, akiwa nayo analipa, hana basi tunaagana vizuri. Lakini asinijie na begi tupu."

Begi tupu analisema kwa sababu limemtokea. Kijana mmoja aliingia akikokota sanduku la magurudumu, miwani usoni, simu sikioni, akapita mapokezi kama aliyechelewa ndege. Bibi Taulo aliona sanduku linavyorukaruka kwenye vigae, jepesi kama debe lisilo na kitu. Akamuuliza kwa upole amelala chumba gani. Kijana, bila kupepesa macho, akasema mia sita na saba.

Jengo lina ghorofa nne.

Bibi Taulo alimwambia kwamba chumba hicho ni kizuri sana, ila ngazi zake bado hazijajengwa. Kijana alicheka mpaka akavua miwani, akaenda kununua juisi, akaketi kwa adabu zake. Siku hizi wakikutana barabarani humpokea mzigo.

Basi anawajuaje? Wengi hudhani ni kwa nguo. Bibi Taulo anatikisa kichwa. Nguo, anasema, zimemdanganya mara nyingi. Amewahi kumdhania milionea kuwa fundi bomba na kumwonyesha njia ya kwenda kwenye pampu. Anachotazama ni taulo, na anatazama mtu akishatoka majini.

"Mwenye chumba anajifuta, anatupa," anaeleza. "Chini, kwenye maua, popote. Anajua yupo wa kuokota. Asiye na chumba anakunja. Mara nne, ncha kwa ncha, analiweka mwisho wa kiti na kulipapasa. Hata awe amekuja na gari kubwa, atakunja. Ni kama analiomba radhi lile taulo."

Mwandishi wa habari hii alikaa pale asubuhi tatu mfululizo akimtafutia makosa. Hakupata hata moja.

Mwaka jana, mwezi wa mvua, alikuja getini mwanamke mwenye magongo mawili. Ni mshonaji, ana kibanda chake mitaa miwili nyuma ya hoteli, na alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu ukakataa kazi. Daktari akamwambia atembee ndani ya maji ya kifuani, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Maji ya kifuani yako wapi mtaani? Hapa yapo, ila ada ya siku moja ni sawa na ushonaji wa magauni matatu.

"Alinisalimia, akasema, 'Dada, mimi si mgeni hapa, na hela ya kuingia sina. Naomba maji tu,'" anakumbuka Bibi Taulo. "Sasa mtu kama huyo unamjibu nini?"

Alimfungulia.

Ilikuwa kinyume cha sheria, na hajifichi nyuma ya huruma yake kulikana hilo. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili mshonaji aliingia saa kumi na mbili na nusu, kabla wageni hawajashuka, akatembea majini huku na huku akishika ukingo. Magongo mawili yakawa moja. Moja likawa fimbo. Fimbo nayo ikabaki nyumbani.

Kila alipoondoka, aliacha taulo limekunjwa mara nne. Bibi Taulo alimsihi alitupe tu. Mwenzake akaahidi, kesho yake akakunja tena. Mkono wa mtu anayeishi na vitambaa, utaufanyaje? Ikabidi Bibi Taulo awe analifumua kila mara, analivurugavuruga kama lililotumiwa na tajiri, kisha analitumbukiza kapuni pamoja na mengine.

Jumanne moja, mwezi uliopita, hakuwahi. Mshonaji alikuwa ametoka tu pale mtoto wa mgeni mmoja alipoteleza kwenye ngazi za bwawa na kuchanika kidevu. Bibi Taulo akatimua mbio na sanduku la huduma ya kwanza. Aliporudi, damu ya mtoto ikiwa bado mikononi, alimkuta meneja amesimama kando ya kiti, ameshika lile taulo.

Meneja huyu ni mgeni kazini, ana miezi miwili tu. Lakini alianza maisha katika chumba cha dobi cha hoteli nyingine, akipiga pasi mashuka, na hakuna kikao kinachopita bila kulikumbushia hilo. Alilitazama taulo, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyelikunja. Hakuhitaji kueleza kwa nini anauliza; mtu wa dobi naye anajua kwamba wageni hawakunji. Walielewana.

Bibi Taulo anakiri kwamba uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Angesema amelikunja yeye, kwa mazoea, nani angebisha? Badala yake alisema ni mtu wa nje, na kwamba aliyemruhusu ni yeye. Jioni hiyo hiyo akapewa barua ya kumtaka ajieleze.

Nyumbani palichafuka. Mume wake, dereva aliyestaafu, alimwambia aandike kwamba alichanganyikiwa kwa sababu ya mtoto na damu. Alimhesabia miezi iliyobaki kwa vidole. Alipoona mkewe hasikii, akageukia ukutani akalala, na kwa siku mbili mazungumzo yao yalikuwa ya chumvi na kijiko.

"Nilimwambia, baba, miaka yote hii nasimama pale nikiwaambia watu waseme ukweli mlangoni," anasema. "Halafu mimi niende ofisini na begi tupu?"

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Alitaja kila kitu, mpaka siku za wiki.

Mshonaji aliposikia hakurudi tena. Wiki ya tatu Bibi Taulo akapita kibandani kwake na kumkuta anashona pindo kwa mkono, fimbo imeegemezwa ukutani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu umeanza kugoma upya. Waliongea habari za watoto, za bei ya nyuzi, za kila kitu isipokuwa hilo. Njiani Bibi Taulo alilia. Yeye kukosa kazi ni sawa, anasema, amekosea. Mwenzake alisalimia, akaomba, akasema kweli. Amekosa nini?

Saa nne kamili simu ya bwawani inalia. Bibi Taulo anajifuta kwa taulo mikono iliyokwisha kukauka, anavuta sare chini, anakwenda. Mtunza bustani, rafiki yake wa miaka mingi, anajifanya anakata ua wa michongoma ambao amekuwa akiukata tangu saa moja.

Zinapita dakika kumi na mbili. Anarudi polepole, taulo la mkononi analo bado, na anafanya jambo ambalo mtunza bustani anaapa hajawahi kumwona akilifanya: anakaa kwenye kiti cha mgeni.

Barua yake, anaeleza, imewekwa kwenye faili pamoja na onyo kali. Onyo litabaki humo mpaka siku ya mwisho. Lakini kazi ni yake hadi astaafu, na kiinua mgongo hakiguswi. Alipokuwa anashika kitasa ili atoke, meneja alimwita tena, macho yakiwa kwenye makaratasi.

"Akaniambia, 'Huyo mama aje saa zake zile zile. Apite mapokezi aandike jina. Na aje na taulo lake mwenyewe,'" anasimulia. "Nikamuuliza, na ada? Akasema, 'Mimi nahesabu mataulo. Maji sihesabu.'"

Anainamisha uso ndani ya taulo. Mtunza bustani anageukia ua wake.

"Nimelia, ndiyo," anasema akiinua uso. "Andika tu."

Ameshatuma ujumbe kibandani. Jibu limekuja upesi: kesho, na taulo atalipiga pindo usiku huu. Ana zawadi pia, mshonaji. Amemwahidi Bibi Taulo vazi la kuogelea lenye mikono mirefu na heshima zake, kwa sababu kuna jambo ambalo wageni hawalijui: mfanyakazi haruhusiwi kuingia bwawani. Maji haya ameyalinda miaka kumi na tisa na hajui ubaridi wake zaidi ya kuyagusa kwa vidole.

Mpango wake ni huu. Siku ya kwanza baada ya kustaafu atakuja getini kwa miguu yake, atamsalimia mlinzi, atasema yeye si mgeni wa chumba, atalipa ada. Ataingia majini mpaka kifuani. Akitoka, atapewa taulo la hoteli kama watu wengine.

"Na nitalitupa chini," anasema. "Hapo hapo, limevurugika, mtu mwingine aokote. Sitageuka hata nyuma."

Mtunza bustani anaangua kicheko na kumwonyesha mapajani kwa mkasi. Bibi Taulo anatazama chini. Taulo alilofutia machozi limelala pale, limekunjwa mara nne, ncha kwa ncha, na kiganja chake bado kinalipapasa.