Baba na Mkwewe Ndege Moja

Kadi yangu ya benki ilikuwa mpya, na nilijiona nayo kweli. Nikiwa Dar, nikamkatia tiketi ya ndege baba yangu wa Masukulu, aje na mke wangu aliyekuwa Tukuyu kwa wazazi wake. Nikachagua hata viti, bega kwa bega, ili mzee asihangaike.

Mjinga mimi! Kwetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani.

Walipotua, mke wangu alitoka amejifunika kanga hadi machoni, kanuna. Baba akafuata, shingo imekakamaa upande wa dirishani.

“Ndege nzuri, mwanangu,” akasema. “Mawingu nimeyaona yote. Safari nyingine, mkeo mkatie basi.”