Fundi Pasi wa Mchikichi na Utambi Uliokataa Kunywa

Saa tatu asubuhi, mkokoteni tayari unatoka Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Juu yake kuna meza fupi ya mbao, pasi nane zisizo na mipini, mabirika mawili ya umeme na kiti cha plastiki kilichofungwa kamba. Nyuma yake anatembea Siwema Zahoro, miaka hamsini na miwili, amekumbatia kiroba.

"Mama, humo kuna pesa?" anauliza Uwesu, msukuma mkokoteni. "Mbona umekikumbatia hivyo?"

"Sufi. Sukuma."

"Sufi ya mto? Wenzako wanahama na dhahabu, wewe unahama na mto!"

Siwema hacheki. Anageuka kulitazama duka la vifaa vya umeme ambalo kwenye baraza lake amekaa miaka kumi na mmoja akitengeneza pasi. Mwenye duka, Mbaruk, kasimama mlangoni, mikono nyuma. Anataka kuona kwa macho yake kwamba kweli anaondoka.

Chanzo ni vepu, yaani sigara ya umeme, lile dude linalotoa moshi wenye harufu ya matunda. Ndani yake kuna koili: waya mwembamba uliozungushwa mara chache, na katikati umepitishwa utambi wa pamba. Pamba inakunywa maji ya flava, yaani ya ladha, waya unapata moto, moshi unatoka. Koili ikiungua, wengi hununua nyingine. Wachache hutaka kusukiwa.

Siwema hajawahi kuvuta hata sigara ya kawaida. Miezi mitatu iliyopita mteja mmoja alimwona akisuka waya wa pasi, akamwuliza kama mkono huo unaweza kusuka kitu kidogo zaidi.

"Nikamwambia waya ni waya," anasema. "Ya kwanza niliizungusha kwenye bisibisi ya saa, ikatoka imepinda kama mkia wa mbwa. Ya pili iligusa chuma pembeni, mita ikasoma karibu na sifuri, yaani shoti. Ile ukimfungia mtu, betri inamchemkia mkononi. Nikaitupa. Ya tano ndiyo ilikaa."

Alijifunza kubonyeza kitufe cha vepu kidogo kidogo, akiangalia waya uanze kuwaka katikati ndipo uwekundu uende pembeni. Kwa koili mbili alitoza shilingi elfu tano. Pasi inayomla nusu siku humpa elfu tatu.

Mbaruk hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo. Ukoo wao, wenye asili ya Uarabuni, umeuza taa na soketi hapo tangu enzi za babu yake.

"Tumbaku nikiinusa naijua," anasema. "Hiki kinanukia embe. Kitu gani cha halali kinajificha ndani ya harufu ya embe?"

Siwema naye hakuwa na imani. Alishuku zile chupa za flava zenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Alishuku wateja waliokaa wameupa mgongo mtaa. Zaidi ya vyote, alishuku pamba.

Kwa kawaida wateja walikuja na pamba yao. Alhamisi iliyopita Abdulhamid, dereva wa bajaji anayeegesha Upanga, alikuja mikono mitupu. Siwema akaenda duka la dawa, akanunua pamba, akainusa, akaiweka kando.

"Ilinukia dawa. Nikajiuliza, hii wameioshea nini? Na mtu anaivuta kifuani! Nyumbani nina sufi aliyoichambua marehemu mama kwa mkono wake. Najua mpaka msufi wenyewe ulipo. Nyeupe, laini. Nikaona hii ndiyo salama."

Abdulhamid alivuta mara moja tu. Alikohoa mpaka akachuchumaa mbele ya mlango wa duka, machozi yanamtoka, wateja wa Mbaruk wanatazama.

"Umenitilia nini, mama?" alipiga kelele. "Umenitilia kitu wewe!"

Mbaruk aliuokota utambi ulioungua, akaunusa, akasema hii si pamba. Siwema akajibu ni sufi. Nani angemwamini? Nani anatia mto ndani ya sigara? Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema ni bangi. Mbaruk akampa siku tatu ahame.

"Askari wakija hawataniuliza meza ni ya nani," anasema. "Wataniuliza baraza ni la nani."

Kwenye kona ya Barabara ya Msimbazi gurudumu linaingia shimoni. Siwema anawahi kudaka meza isianguke, kiroba kinamponyoka, na bonge la sufi linadondokea kwenye dimbwi la mvua ya jana.

"Achana nayo, imeshalowa hiyo," anasema Uwesu.

Haijalowa. Inaelea. Siwema anachuchumaa, anaizamisha kwa kidole. Inaibuka. Anaizamisha tena, anaishikilia chini, anaiachia. Inaibuka. Anaipasua katikati: ndani kavu.

Bodaboda zinampigia honi, hasikii.

"Haikunywa," anasema. "Uwesu, haikunywa! Nimempa mtu utambi usiokunywa. Kavuta moto mtupu yule."

"Sasa tunaenda au tunarudi?"

"Geuza."

Mbaruk anapowaona anaweka mkono kwenye fremu ya mlango. Siwema anaomba bakuli la maji na pamba kidogo.

"Maji yangu, bakuli langu," anasema Mbaruk. "Pamba nakwenda kununua mwenyewe. Na sufi, Bi Siwema, utaitoa chini kabisa ya kiroba. Si ya juu."

Pamba inalowa na kuzama taratibu. Sufi inakaa juu. Mbaruk anaikandamiza kwa kalamu yake, mara moja, mara mbili. Kila akiinua kalamu, nayo inapanda.

"Basi si bangi," anasema.

"Si bangi, mzee wangu. Ni ujinga wangu."

"Na huo ndio unaonitisha. Mwenye bangi anajua anachofanya."

Siwema anakubali. "Pasi huwa naijaribu kwenye kanga yangu kabla sijampa mwenyewe. Hii nimeijaribia kwenye koo la mtu."

Mbaruk anatazama mkokoteni, kisha meza. "Rudi na pasi zako. Hayo madude yasikanyage hapa."

Siwema alirudi barazani siku hiyo hiyo. Anatengeneza pasi na mabirika, na kila mteja anayefungua mkoba, Mbaruk huchungulia. Bakuli lile alilitupa. Uwesu alidai malipo ya safari mbili, akapewa moja na nusu. Abdulhamid koo lilipona baada ya siku nne. Alioneshwa sufi ikielea, akasema maji nayo yanaweza kutiwa kitu. Siku hizi ananunua koili za dukani. Siwema anatafuta chumba cha biashara Ilala. Anasema huko atasuka koili tena, kwa pamba ya duka la dawa, iwapo atampata mtu wa kuivuta kwanza mbele ya mteja. Ameshawauliza watu watatu. Wote wamekataa.