Mita nne na nusu za jina la baba

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na masomo yangu yakafa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Kaka yangu mkubwa akabaki shuleni, mimi nikapelekwa msituni Manguredjipa kubeba mbao kichwani. Fundi aliyenichukua hakuwa na mita. "Tumia jicho," alisema, na nilipokosea alinipiga kwa ubao uleule niliokosea. Donc nilijifunza. Leo ukinionyesha ubao nitakuambia urefu wake kabla hujauweka chini. Sijisifu, ni hivyo tu.

Baba aliacha parsele moja, kiwanja, huko Beni, na neno moja: isigawanywe, apewe mjukuu atakayefikisha jina lake mbali kuliko wengine.

Kaka ana mtoto wa kiume mwenye lori. Mimi nina binti, anabeba jina lilelile la baba, na ni mwalimu wa université. Anachunguza ubongo. Anakuvalisha kofia yenye nyaya, anaangalia kichwa kinafanya nini wakati unafikiri. Andiko lake la kwanza lilikuwa juu ya mafundi wa mbao wa Mususa, mtaa wetu wa Butembo: inakuwaje tunapima bila mita. Kichwa cha kwanza kuvaa kofia ile kilikuwa hiki changu.

Mwaka jana kaka alipiga simu: familia ikutane Beni, parsele itolewe. Binti akaja atelye, karakana yangu, nikamuuliza ana nini cha kuonyesha.

"Papa, niko na maandiko kumi na moja. Na batu ya inchi za ngambo balikamata kazi yangu, bakaitia mu kazi yabo."

Nikatupa randa chini. "Bezi! Na wewe unacheka? Mutu akiiga mulango yangu hapa Mususa, ninaenda kumushitaki kwa chef wa quartier!"

"Hapana bwizi, Papa. Banaandika jina yangu chini. Banasema: hii tuliitoa kwake."

Nikakaa juu ya benchi. Miaka yote hii milango yangu inaigwa Butembo nzima, na sijaona fundi hata mmoja aliyeandika jina langu chini ya mlango wake. Kumbe watu wenye adabu wako, mais wako kwenye kazi ya ubongo, si kwenye mbao.

"Toa orodha yabo yote kwa karatasi," nikamwambia. "Usiache hata mumoja."

Karatasi zilipokuja nilizigundisha mwenyewe kwa kole ya mbao, moja chini ya nyingine, nikazikunja kama mkeka. Tukashika njia ya Beni asubuhi moja ambapo barabara ilikuwa imetulia, hakuna mlio wa risasi.

Kaka alianza na lori. Lilikuwa limesimama pale uani, jina la baba mbele kwa rangi nyekundu. "Ile inafika mpaka Kisangani," alisema. "Binti yako iko na nini? Karatasi ya kufungia mandazi?"

Watu wakacheka. Hata mke wangu, nilimwona.

Nikafungua orodha. Ilianza miguuni pa kaka, ikapita chini ya meza, ikatokea mlangoni.

"Kila mustari ni mutu alietaja jina ya Papa yetu," nikasema. "Hakuna kati yabo anayejua Beni iko wapi. Lori inafika pale dereva anaipeleka. Hii jina inatembea yenyewe. Mita ine na nusu."

"Nani alipima?" kaka akauliza.

"Jicho."

"Jicho ya darasa la tatu!" Akamwita dereva na mita ya chuma. Dereva akapiga magoti, akavuta, akatazama mara mbili.

"Mzee, ni mita ine na nusu. Kabisa."

"Alipima kwake nyumbani, huyu mujanja!" kaka akasema.

"Basi pima jina kwenye lori yako," nikasema. "Mita moja na santimita kumi."

Dereva akatoka, akapima. Mita moja na santimita kumi.

Kaka akavaa miwani, akainama. Yeye alimaliza shule, anasoma vizuri. Akafuata mistari kwa kidole, na kila alipofika kwenye jina la baba alilitamka kwa sauti, hadi akafika mlangoni. Kisha akamtazama binti yangu.

"Mama, kuja hapa," akamwambia. "Parsele ni yako. Mais muniachie na miye hapa kwangu nakala moja ya ile orodha."

Tulimwachia nakala.

Leo nina atelye Mususa, mashine mbili na randa tano za mkono. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nina shamba Vuhovi na mbuzi sita. Nina orodha ukutani, binti anatuma karatasi mpya nami nagundisha. Imeshakata kona ya saluni, sebule yetu. Nina macho mawili, la kushoto limeanza ukungu. Parsele ya Beni si yangu.