Ndege wa Mwavuli

Mwalimu wa watoto kanisani kwetu hufundishia ukingoni mwa bwawa, viatu mkononi, na akitafuta neno hufuta miwani kwa upindo wa gauni. Jumapili moja alituonyesha ndege mweusi wa miguu mirefu, ametandaza mabawa kama mwavuli juu ya maji. "Ndivyo Mungu anavyotufunika," alisema. Binti yangu akauliza, "Mbona samaki wakija kivulini anawala?" Miwani ilifutwa sana. Mzee wa kanisa alimshauri mwalimu ayaache yapite, asijiaibishe mbele ya watoto. Jumapili iliyofuata mwalimu aliturudisha palepale. "Wiki iliyopita nilikosea," alimwambia binti yangu, na mara hii hakuigusa miwani. "Ukiitwa kivulini, mwanangu, kwanza tazama mdomo wa mwenye kivuli." Mzee akakohoa nyuma yetu. Mwalimu hakugeuka.