Milamula ya Uani

Wapangaji wenzangu walinikabidhi bustani ya ua wa ghorofa letu hapa Kayanga. "Si wewe ndiye usiyetoka ndani?" walinitania. Nikapanda maua katikati, nikayazungushia milamula, ile tunayopanda makaburini, kwa kuwa haidai maji nami ni mvivu wa kumwagilia.

"Fundi, hapo umemzika nani?" walicheka.

Mama wa ghorofa ya pili hakucheka. Alikuwa amemzika mumewe kwao Mabira, na sasa kila asubuhi alisimama dirishani akitazama chini, akifuta machozi. Kwa aibu niling'oa milamula yote, nikapanda ngazi kumwomba radhi.

"Shikamoo, mama. Nimeshaiondoa."

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Mabira ni mbali. Nilikuwa namsalimia pale."